Shimo lililoachwa na kifua kikuu: je, dozi ya tatu itamsaidia mume wangu?

*"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 43. Zamani alikuwa Geita kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Sasa tuko Igombe, Mwanza, mimi nauza dagaa na yeye ananisaidia kuanika na kufungasha mpunga wa mdogo wangu. Mwaka 2018 aliugua TB, makohozi yakaonyesha wadudu, akameza dawa miezi sita akapona. Mwaka 2022 kikohozi kikarudi. Kipimo hakikuona kitu lakini wakamwanzishia dozi kwa kuangalia picha, akapata nafuu kidogo tu. Tangu masika amekonda kutoka kilo 68 hadi 57, anachoka, na anakohoa damu. Siku nyingine ni kijiko cha chai, mara moja ilifika nusu kikombe cha kahawa. GeneXpert, kile kipimo cha TB cha makohozi, imepimwa mara mbili, hasi. VVU hasi. Picha ya kifua imeandikwa kuna shimo juu kulia na ndani yake kitu cha mviringo. Wanataka kumwanzishia dozi ya tatu. Duka la dawa walimpa flukonazoli wiki mbili, hakuna kilichobadilika. Wifi yangu aliye Uingereza anasema mtoto wa jirani yake mwenye sistiki faibrosisi alipata fangasi ya mapafu, akapewa prednisoloni akapona, kwa hiyo na sisi tumpe hiyo. Mama mkwe anasema ni baridi ya ziwa, ajifukize. Watoto watatu wanalala chumba kimoja na sisi. Naogopa. Tufanye nini?"*

Marahaba, dada. Umetaja miaka, uzito, kiasi cha damu na majibu ya vipimo, na hayo ndiyo daktari yeyote angeanza kuyauliza. Ugonjwa wa mtu ambaye sijampima kifua siwezi kuuthibitisha kutoka mbali. Ila maelezo yako yanaelekeza kwenye kitu kimoja ambacho ni lazima kipimwe kabla ya dozi ya tatu kuanza: fangasi iliyoota ndani ya shimo ambalo kifua kikuu kiliacha kwenye pafu. Wifi yako hakukosea kutaja fangasi. Kosa lipo kwenye dawa anayoipendekeza, na kosa hilo linaweza kumgharimu kaka yake.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayoweza kuua haraka. Kijiko cha chai cha damu kwenye makohozi kinatosha kumpeleka mtu kliniki ndani ya wiki hiyo. Nusu kikombe cha kahawa ni onyo kubwa zaidi, kwa hiyo msisubiri tarehe ya kliniki. Damu ikijaza kikombe kizima kwa siku moja, au ikitoka mfululizo bila kukatika, au akianza kuhema kwa shida, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Mkiwa njiani mlazeni ubavu wa kulia, upande wenye shimo uwe chini. Watu wengi humlaza mgonjwa chali, au huulaza chini upande ulio mzima wakidhani wanaupumzisha ule unaouma. Matokeo yake damu ya pafu bovu inateremka na kujaza pafu la pili ambalo halina ugonjwa. Wanaokufa kwa kukohoa damu mara nyingi hawafi kwa kuishiwa damu, wanafa kwa kukosa hewa. Msimpe maji ya chumvi, maziwa wala barafu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni asizitumie kabisa kwa sasa, kwa kuwa huzuia damu kuganda vizuri. Akiumwa kichwa atumie parasetamoli. Mjue kundi lake la damu mapema, na muwe na namba ya dereva anayekubali kutoka Igombe usiku. Hospitalini ataweza kupewa asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Hiyo inatuliza hali kwa muda tu, chanzo kinabaki palepale.

Sasa hiyo fangasi. Inaitwa aspagilasi. Padri na mtaalamu wa mimea wa Italia, Pier Antonio Micheli, aliipa jina hilo mwaka 1729, kwa sababu alipoitazama kwa hadubini aliona umbo linalofanana na kile kifaa ambacho padri hunyunyizia maji ya baraka: mpini, na juu yake kichwa cha duara kinachotawanya matone. Na kutawanya ndiyo kazi yake hasa. Kila kichwa hurusha vijimbegu vyepesi vyenye upana wa sehemu mbili au tatu za elfu za milimita, vidogo kiasi cha kupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Vipo kwenye udongo, kwenye majani yanayooza, samadi, pumba za mpunga, maranda ya banda la kuku, mahindi yaliyopata unyevu, na kwenye michembe iliyohifadhiwa kabla haijakauka sawasawa. Wewe, mimi na watoto wako tunavuta mamia ya vijimbegu hivyo kila siku. Hatuugui, kwa sababu njia za hewa zina vinyweleo vinavyosukuma ute kwenda juu usiku na mchana, na vinavyoponyoka vinamezwa na chembe walinzi zilizo ndani ya mapafu.

Kwenye shimo la TB ulinzi huo haupo. Kifua kikuu kinapokula pafu kinaacha pango lenye ukuta wa kovu. Kovu halina vinyweleo vya kusukuma ute, na ndani ya pango lenyewe hakuna damu inayopita kubeba chembe walinzi wala dawa. Kuna joto, unyevu na mabaki yaliyokufa. Fangasi hii imezoea kuishi ndani ya lundo la takataka linalooza, ambalo katikati yake hufika nyuzijoto 50, kwa hiyo joto la mwili la nyuzijoto 37 haliisumbui hata kidogo. Kijimbegu kikitua humo kinaota nyuzi, nyuzi zinasokotana na ute na chembe zilizokufa, na kwa miezi au miaka linatengenezwa donge. Ukuta wa pango unawashwa na kuvimba, mishipa mipya myembamba ya damu inaota kuzunguka pale, na ndiyo inayopasuka anapokohoa. Kukonda na kuchoka kunatokana na vita hiyo isiyokatika kati ya mwili na fangasi.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Daktari wa Edinburgh, John Hughes Bennett, aliieleza fangasi kwenye mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu mwaka 1842. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliwafuatilia watu waliopona TB lakini wakabaki na shimo la sentimita 2.5 au zaidi, wakakuta karibu robo yao wana kingamwili za aspagilasi kwenye damu. Karibu zaidi na sisi, utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapima watu waliokwisha kutibiwa TB ya mapafu. Kati ya wale waliobaki na shimo kwenye picha ya kifua, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa huu. Kati ya wasio na shimo hawakufika hata asilimia moja. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua TB, akabaki na shimo, kisha akaanza kukonda na kukohoa damu wakati GeneXpert ni hasi, fangasi iwe kwenye orodha tangu siku ya kwanza, isisubiri dozi zote ziishe.

Hicho "kitu cha mviringo" kinaongeza uzito wa shaka. Donge la fangasi mara nyingi halijazi pango lote. Juu yake hubaki hewa, na kwenye picha hewa hiyo huonekana kama mwezi mwandamo mweusi umelalia mpira mweupe. Wakati mwingine mgonjwa akipigwa picha amesimama, kisha amelala, donge huonekana limehama, kwa sababu halijashikamana na ukuta. Lakini si kila cha mviringo ni fangasi. Damu iliyoganda pangoni huweza kuonekana hivyo, na saratani ya pafu pia. TB sugu, mirija ya hewa iliyopanuka na kuharibika, na mapafu yaliyojaa vumbi la mawe vyote vinaweza kuleta kikohozi, damu au kukonda. Hilo la vumbi ni lazima mlieleze. Kwenye makarasha mtu anavuta vumbi la silika kwa miaka. Silika hubaki kwenye mapafu hata baada ya kuacha kazi, hufanya TB impate mtu kwa urahisi zaidi, na huacha makovu ambayo daktari asiyeambiwa habari za Geita anaweza kuyasoma kama TB mpya.

Hapo ndipo nipo na wasiwasi na dozi ya tatu. Simlaumu aliyeipendekeza. Dalili zinafanana sana, na TB ndiyo inayoonekana kila siku. Lakini GeneXpert hutafuta vinasaba vya mdudu wa TB, na ikiwa makohozi yalikuwa mazuri, hasi mbili kwa mtu mwenye shimo ni jambo la kuheshimiwa, maana kwa kawaida TB yenye shimo hujaa wadudu. Ingekuwa chanya kwa kiwango kidogo sana bado tungejiuliza, kwa sababu kipimo hicho hakitofautishi mdudu hai na mabaki ya wadudu waliokufa kwenye dozi ya zamani. Nafuu kidogo aliyoipata mwaka 2022 nayo haithibitishi kuwa ilikuwa TB. Ugonjwa wa fangasi hupanda na kushuka wenyewe, na rifampisini hupunguza pia bakteria wengine wa kifua.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaambiwi. Rifampisini, ile dawa inayobadilisha mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja dawa za fangasi. Mtu akimeza itrakonazoli huku yuko kwenye rifampisini, dawa ya fangasi huisha kwenye damu kabla haijafanya kazi, na athari hiyo hudumu kama wiki mbili baada ya rifampisini kuachwa. Kwa hiyo dozi ya TB ikianza kwa kubahatisha, tunakuwa tumejifungia mlango wa tiba ya fangasi kwa miezi sita na zaidi. Mgonjwa aliyepoteza kilo 11 hana miezi sita ya kuchezea.

Nendeni wiki hii kliniki ya magonjwa ya kifua, Bugando au Sekou Toure, na mbebe picha zote za kifua, hasa za zamani. Picha ya mwaka 2018 ikiwekwa kando ya ya sasa inaeleza kuliko kipimo chochote kimoja: shimo limekua, ukuta umenenepa, au hakuna kilichobadilika tangu apone? Bebeni kadi zote mbili za TB na maboksi ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha, za vidonda vya tumbo, na za kuvuta kama anazo. Unaweza kumwambia daktari hivi: "Amewahi kuugua TB, amebaki na shimo, GeneXpert imekuwa hasi mara mbili, anakohoa damu. Tunaomba apimwe pia fangasi ya mapafu kabla ya kuanza dozi." Hakuna daktari atakayeona umemkosea heshima.

Ili kuuita ugonjwa huu kwa jina, daktari huhitaji mambo manne yakutane: dalili za miezi mitatu au zaidi, picha inayoonyesha shimo lenye donge au shimo linalobadilika, ushahidi wa fangasi yenyewe, na TB kuondolewa kwenye maelezo. Ushahidi bora ni kipimo cha damu cha kingamwili za aspagilasi, aina ya IgG. Hakipo kila maabara, hivyo uliza kwanza ili usilipe nauli bure. Kipo pia cha haraka, cha kijistari kama kile cha malaria, kinachotoa jibu ndani ya nusu saa. Kuotesha makohozi kutafuta fangasi kunasaidia, ila mara nyingi hukosa, na kwa upande mwingine fangasi kuota mara moja tu hakutoshi kuthibitisha ugonjwa, maana inaweza kuwa imepita na hewa. Omba makohozi hayo hayo yaoteshwe pia kwa TB. Majibu huchukua hadi wiki sita au nane, na daktari anaweza kuanza tiba ya fangasi yakisubiriwa. Asukutue mdomo kwa maji asubuhi, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha atoe kohozi zito kutoka chini. Mate hayafai. Makohozi yafike maabara siku hiyo hiyo. Sitiskani (CT scan) ya kifua ikiwezekana ifanyike mara moja, kwani huonyesha donge na ukuta wa shimo vizuri kuliko picha ya kawaida, na huonyesha pia mashimo mengine yaliyojificha.

Tukifika kwenye dawa: flukonazoli haikumsaidia kwa sababu haiwezi. Inatibu vizuri utando mweupe wa mdomoni na ina nafasi yake kwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi, lakini aspagilasi ina usugu wa asili dhidi yake. Hata angemeza mwaka mzima ingekuwa sawa na kumeza maji.

Dawa inayotumika ni itrakonazoli, kwa kawaida miligramu 200 asubuhi na 200 jioni. Kapsuli moja ina miligramu 100, kwa hiyo ni kapsuli nne kwa siku, 720 kwa miezi sita. Nataja hesabu hiyo makusudi, ili mkiulizia bei muulizie ya safari nzima, si ya pakiti moja. Kuanza kisha kuacha mwezi wa pili kwa kukosa fedha kunaipa fangasi nafasi ya kujenga usugu. Kapsuli zinahitaji tindikali ya tumbo ili ziyeyuke, basi azimeze katikati ya mlo kamili, ugali na samaki wenye mafuta ni mzuri kabisa, na ashushie na soda aina ya kola. Akitumia omeprazoli dawa haitaingia mwilini ipasavyo, na hili ndilo kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote, kwa sababu mgonjwa akilalamika tumbo linawaka anapewa omeprazoli dukani bila kuulizwa anatumia nini kingine. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna viachane na itrakonazoli kwa saa mbili au zaidi. Ubora wa kapsuli hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo pale panapowezekana kupima kiwango cha dawa kwenye damu baada ya wiki mbili, fanyeni.

Kabla ya kuanza apimwe ini na moyo usikilizwe, kwa sababu itrakonazoli hupunguza nguvu ya moyo na haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi. Ini lipimwe tena baada ya wiki nne, kisha kila baada ya miezi mitatu. Pombe aache. Miguu ikivimba, akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au nyayo zikianza kufa ganzi, arudi kliniki bila kusubiri tarehe. Dawa hii inagombana na nyingi. Simvastatini ya mafuta kwenye damu hairuhusiwi kabisa pamoja nayo, amlodipini ya presha huzidisha kuvimba miguu, na mseto wa malaria asipewe bila mtoa dawa kujua kuwa yuko kwenye itrakonazoli, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Ikimshinda, ipo vorikonazoli, ambayo ni ghali zaidi na hufanya ngozi iungue haraka juani. Kwa mtu anayeanika dagaa mchana kutwa si jambo dogo.

Mtegemee nini? Hamu ya kula na uzito huanza kurudi polepole, mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu. Donge lenyewe linaweza kubaki kwenye picha hata akiwa na nafuu, kwani dawa hupenya kwa shida ndani yake. Tunachopigania ni ukuta wa shimo utulie, damu ikome, pafu lililobaki lisiliwe. Utafiti wa India uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha miezi sita ya itrakonazoli na matunzo bila dawa ya fangasi: asilimia 76 ya waliopata dawa walipata nafuu, na asilimia 36 ya wasiopata. Mwingine wa India, wa mwaka 2022, ulilinganisha miezi sita na miezi 12. Ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia asilimia 38 ya waliotumia miezi sita, na asilimia 10 tu ya waliotumia mwaka mzima. Mimi ningewashauri muulizie mwaka mzima tangu mwanzo, kama ini na mfuko vinaruhusu.

Upasuaji ndio unaoweza kuondoa kabisa donge lililo peke yake, kwa kukata sehemu ya pafu yenye shimo. Unafaa kama shimo ni moja, upande mwingine ni mzima, na ana pumzi ya kutosha kuishi na pafu lililopungua. Kwa mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi la mawe hilo la mwisho lipimwe kwa makini kabla ya mtu yeyote kuahidi kitu. Pia kuna njia ya kuziba mshipa unaovuja kwa kupitisha mpira mwembamba kutoka kwenye paja. Daktari wa kifua ndiye atakayesema kama rufaa ya Muhimbili inahitajika.

Sasa wifi. Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huzaliwa nao akipokea kasoro ya jeni moja kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, jeni iliyogunduliwa mwaka 1989. Njia ya chumvi kwenye ngozi ya ndani ya mirija ya hewa haifanyi kazi, ute unakuwa mzito kama gundi, vijimbegu vya aspagilasi vinanasa humo. Wengi wao fangasi inakaa tu bila kuleta vita kubwa. Kwa baadhi, mwili unaichukia kupita kiasi: ni aina ya mzio, kifua kinabana, kingamwili za IgE zinapanda sana, na kinachoharibu mirija ni hasira ya mwili zaidi ya fangasi yenyewe. Hapo prednisoloni ina maana, kwa sababu inatuliza hasira hiyo. Huenda ndicho alichokuwa nacho mtoto wa jirani yake.

Kwa mume wako mambo ni kinyume. Fangasi iko ndani ya pango, na kinachoizuia isile pafu zima ni hao hao walinzi wa mwili. Prednisoloni inawalaza usingizi. Mgonjwa anaweza kujisikia vizuri wiki ya kwanza, hamu ya kula ikapanda, kila mtu akafurahi, huku ukuta wa pango unaliwa. Na kama kuna TB iliyojificha, nayo inaamka. Fangasi ni ile ile, lakini nyumba iliyoingia ni tofauti, na dawa pia. Msimpe. (Kwa faida ya wengine: ugonjwa huo wa kurithi upo hata kwa Waafrika, ila mara nyingi hautafutwi. Mtoto mwenye nimonia za kujirudia, choo chenye mafuta kinachonuka sana, asiyekua, na ambaye ukimbusu unaonja chumvi, apelekwe kwa daktari wa watoto aulizie kipimo cha jasho.)

Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba upepo wa ziwa hauoteshi fangasi kwenye pafu. Kujifukiza hakufiki ndani ya pango, na mvuke wa moto humfanya akohoe kwa nguvu, jambo ambalo kwa mtu mwenye mishipa dhaifu linaweza kufungulia damu. Kama anataka kusaidia, ampikie. Mayai, maharage, sato, dagaa: anahitaji kilo zake zirudi. Mpimeni uzito kila mwezi kwenye mizani ile ile na muandike.

Kazi ya mpunga aiache. Kupepeta, kumwaga pumba, kufungua magunia yaliyokaa, kugeuza maranda ya kuku, kuingia kwenye kihenge, hizo ndizo sehemu ambazo vijimbegu huruka kwa maelfu kwa pigo moja. Dagaa wabichi na maji ya ziwa havina shida, vumbi la kukusanya dagaa wakavu waliopata mvua ndilo la kumwepusha. Ikibidi kabisa apite kwenye vumbi, avae barakoa ya N95 iliyobana pande zote. Ya kitambaa haizuii chembe ndogo hivyo. Nyumbani mwageni maji kidogo kabla ya kufagia, mrekebishe bati linalovuja na ukuta unaoota ukungu. Msimalize pesa kwenye klorini ya kupuliza kila kona, fangasi hii iko hewani kila mahali.

Na watoto. Fangasi hii haiambukizi mtu kwa mtu, si kwa kukohoa, si kwa sahani, si kwa kitanda. Kinachobaki kuhakikishwa ni TB, na hasi mbili za GeneXpert zinatia moyo. Hadi makohozi yaliyooteshwa yatakapojibu, afunike mdomo anapokohoa, dirisha la chumba liwe wazi usiku, na kama nafasi ipo watoto walale chumba kingine. Majibu ya TB yakitoka hasi, hata kama ya fangasi ni chanya, warudisheni wakalale na baba yao.